Ndege aliyekosa wa kumfundisha kuimba

Msomaji wa Tanga ameuliza: ndege huzaliwa akijua kuimba, au hufundishwa? Jogoo hahitaji mwalimu; mlee peke yake, atawika tu. Ndege wa nyimbo ni habari nyingine, na mfano ninaoupenda uko kusini-mashariki mwa Australia: ndege mweusi mwenye manjano mbawani, Anthochaera phrygia. Kiswahili hakina jina lake. Nimemwita mfyonza-asali, ingawa wapenzi wa chozi watanung'unika kwamba nimempora ndege wao cheo. Misitu ya mikaratusi aliyoitegemea ilifyekwa, na porini wamebaki chini ya 300. Hadithi hiyo mnaijua, tuipite.

Twende kooni. Kinda dume huanza kwa kusikiliza tu, akihifadhi kichwani wimbo wa madume wakubwa. Baadaye hubwabwaja: sauti ya chini, vipande vipande, bila mpangilio. Kila akitoa mlio hujisikiliza, akaulinganisha na ule aliouhifadhi, akarekebisha, akajaribu tena, mpaka wimbo ukomae. Kwa hiyo anahitaji masikio mara mbili: kwanza kwa mwalimu, kisha kwake mwenyewe.

Mwalimu huyo si baba. Baba hunyamaza wakati wa kulea, pengine asiwavutie maadui kiotani. Kinda akishaota mbawa lazima awatafute wakubwa wengine, nao wametawanyika kwenye eneo kubwa mno. Asipowapata, hujifunza kwa yeyote anayeimba jirani.

Ni kama kijana aliyekulia ugenini, pasipo hata mtu mmoja wa kumsemesha kilugha cha kwao. Siku ya kuposa anabisha hodi kwa wakwe, sura ya kwao, kanzu safi, mahari mkononi. Akifungua kinywa anatoa salamu za majirani. Wazee wanatazamana. Binti, huko ndani, hajui hata kama ni yeye anayeposwa.

Mwaka 2021 Ross Crates na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walichapisha hesabu yao: asilimia 12 ya madume hawakujua wimbo wowote wa spishi yao, waliiga wa ndege wengine. Wenye nyimbo zisizo za kawaida walipata wenza kwa shida zaidi.

Bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney, huzalisha ndege hawa na kuwaachia porini. Kuwapigia makinda nyimbo zilizorekodiwa hakukufua dafu. Wakaletwa madume wawili waliozaliwa porini, wakapewa madarasa madogo ya makinda. Ndani ya miaka mitatu waliojifunza wimbo wa asili walifika asilimia 42, kutoka sifuri. Kwangu hilo linatosha: anayezalisha ndege wa nyimbo bila kumpa mwalimu amefanya nusu ya kazi.

Kazi ya Taronga ikiendelea, wimbo kamili ulitoweka porini. Wanaouimba sasa ni wale waliolelewa bustanini.