Magongo ya Barafuni: Uhondo Ambao Televisheni Haiuonyeshi

Yamkini umewahi kukutana na mchezo huu kwenye televisheni, usiku, ukitafuta habari au filamu. Wanaume waliofura kwa mavazi wanafukuzana juu ya sakafu nyeupe pe, mikononi wameshika magongo marefu, nawe unakodoa macho ukiutafuta mpira. Huuoni. Ghafla taa nyekundu inawaka nyuma ya lango, watu wanakumbatiana, na ndipo unapong'amua kwamba bao limeingia kitambo. Ukabadilisha stesheni.

Usijilaumu, msomaji. Hata Wamarekani walishindwa. Mwaka wa 1996 kampuni ya televisheni ya Fox ilitia vifaa vya elektroniki ndani ya kile kinachochezwa, ili kwenye skrini kionekane kimezungukwa na mwanga wa buluu, na kikipigwa kwa nguvu kiache mkia mwekundu nyuma yake kama kimondo. Mashabiki wa jadi walikasirika, wakasema wanafanywa watoto. Kufikia 1998 mtindo huo ulikuwa umetupwa.

Shida haikuwa macho ya watazamaji. Shida ni kwamba magongo ya barafuni ni mojawapo ya michezo inayoharibika zaidi inapotiwa ndani ya sanduku. Kamera hukifuata kile kitu kidogo cheusi, ilhali utamu wenyewe uko kila mahali pengine: kwenye benchi, nyuma ya lango, kwenye ukingo, hata hewani. Ndiyo maana nakushauri kwamba ukibahatika kufika Kanada, kwa masomo au kumtembelea ndugu, usikubali kurudi nyumbani kabla hujaingia uwanjani japo mara moja. Huhitaji kujua sheria. Mtoto wa darasa la tatu atakueleza.

Kwanza tukijue hicho kitu cheusi. Si mpira, bali ni kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita 2.5 na upana sentimita 7.6, kadiri ya mkebe mdogo wa kiwi ya viatu. Uzito wake ni kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi visahani hivyo hugandishwa kwenye friji, kwa sababu kikiwa na joto kitadundadunda ovyo badala ya kuteleza. Wapigaji hodari hukirusha kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Gari likienda mwendo huo kwenye barabara ya Nakuru utasoma habari zake kesho yake.

Nenda mapema. Hili wageni wengi hawalijui, nao hufika wakati wimbo wa taifa unaimbwa, huku nusu ya starehe imewapita. Katika ligi kuu ya huko, NHL, timu zote mbili hutoka kupasha misuli joto kama nusu saa kabla ya mchezo. Watoto hujazana kwenye kioo kinachouzunguka uwanja, pua zimebanwa, mabango mikononi. Mchezaji akipita huokota kisahani kwa ncha ya gongo na kukirusha juu ya kioo kwa mtoto aliyemchagua. Nenda umtazame mtoto huyo uso wake. Kisha mtazame baba yake, ambaye anajifanya hakijamgusa kitu.

Wakati huo utaanza pia kusikia baridi. Uwanja mzima ni tabaka jembamba la barafu, unene wake takriban sentimita 3, limelazwa juu ya sakafu ya saruji yenye mabomba ya kugandishia chini kwa chini. Baridi hiyo ina harufu yake, mithili ya ile inayokupiga usoni ukifungua friji ya bucha, ila hii ni safi. Weupe unaouona ni rangi iliyopakwa, maana barafu yenyewe haina rangi.

Halafu kuna sauti. Ningeombwa kutaja kitu kimoja tu cha kumpeleka mtu uwanjani, ningetaja hiki. Kwenye televisheni sauti ya mtangazaji hufunika yote. Uwanjani, hususan mchezo unapotulia, utasikia vyuma vya viatu vikiikwaruza barafu, krrr, kama mtu anayeparuza nazi kwenye mbuzi. Utasikia mbao za ukingo zikilia mtu anapobamizwa. Kisahani kikigonga mwamba wa lango hutoa mlio mkali wa kengele, na watu elfu ishirini hushusha pumzi kwa pamoja. Mlio huo hausahauliki.

Sauti nyingine zina maana. Mchezaji akikosea huketishwa katika kizimba cha adhabu, aghalabu kwa dakika mbili, na wenzake hubaki wamepungua mmoja. Dakika hizo zikikaribia kwisha, kipa wa timu iliyozidi idadi huanza kuligonga barafu kwa gongo lake, ko, ko, ko. Anawaambia walio mbele, ambao wamempa kisogo, kwamba yule aliyefungiwa yu karibu kutoka nyuma yao. Na mtu aliyeumia akiinuka akasaidiwa kutoka, wachezaji wa pande zote mbili hugonga magongo kwenye barafu na ukingo. Hayo ndiyo makofi yao.

Ukishaketi, fanya jambo gumu: acha kukifuata kisahani. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwamo, lakini wachezaji wa ndani waliovaa tayari ni kumi na wanane. Wote hucheza, kwa sababu kukimbia kwa viatu vile kwa nguvu zote humaliza pumzi upesi mno, kama sekunde 45 hivi. Basi hubadilishana pasipo refa kupiga kipenga. Huyu anakuja mbio kwenye benchi, na kabla hajaingia mwingine ameshauruka ukingo. Wakikosea hesabu wakawa wengi uwanjani, wanaadhibiwa. Wakibadilishana wakati mbaya, wanafungwa. Kamera haikuonyeshi hilo hata kidogo. Ukiwa juu kwenye viti vya bei nafuu unaliona lote, na ndiyo sababu mimi siwaonei wivu wanaolipa pesa nyingi kukaa chini karibu na kioo. Wao wanaona nyuso. Wewe wa juu unauona mchezo ukipangika, kama mtu anayetazama bao akiwa amesimama.

Mtazame kipa pia, hasa wakati kisahani kiko mbali naye. Anapoingia tu huikwaruza barafu mbele ya lango lake mbele nyuma, ili isiwe telezi mno kwake. Makipa wana mambo yao. Patrick Roy, aliyeisaidia Montreal Canadiens kutwaa Kombe la Stanley mwaka wa 1993, alijulikana kwa kuzungumza na miamba ya lango lake. Hadi 1959 wengi wao walidaka uso ukiwa wazi. Novemba mwaka huo kipa mwingine wa Montreal, Jacques Plante, alipigwa usoni mechini New York, akashonwa, akakataa kurudi bila barakoa. Kocha wake hakuipenda, lakini barakoa ilibaki. Leo jambo hilo halihitaji mjadala.

Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Kipindi kikiisha, watu wengi huinuka kwenda kununua chakula. Wewe kaa. Mlango wa pembeni hufunguka, na gari kubwa lenye umbo la ajabu huingia polepole. Ni mashine iliyobuniwa na Frank Zamboni, mwenye uwanja wa barafu huko California, mwaka wa 1949. Kabla yake kazi ya kulainisha barafu iliyochanwachanwa iliwachukua wanaume kadhaa zaidi ya saa nzima. Mashine hii huparua tabaka la juu, huzoa unga wa barafu, kisha humwaga maji. Na si maji baridi! Kwa kawaida ni ya moto, maana hayo huyeyusha kidogo sehemu ya juu na kujiunga nayo barabara kabla ya kuganda. Nyuma yake hubaki njia nyeusi inayong'aa kama sakafu ya saruji nyekundu ya nyanya iliyosuguliwa kwa nta Jumamosi asubuhi. Dereva huzunguka, kila mzunguko ukigusana na uliotangulia, hadi kubaki kijistari kimoja kisichoguswa. Utashangaa jinsi utakavyotamani akifikie. Watoto humpungia mkono. Naye hupunga.

Mambo ya kurushwa ni hadithi yake. Mchezaji akifunga mabao matatu, mashabiki hutupa kofia zao uwanjani, kwa hiyo usivae ile uliyorithi kwa babu. Huko Detroit, Marekani, ndugu wawili wenye duka la samaki walirusha pweza mwaka wa 1952. Wakati huo timu ilihitaji ushindi mara nane kutwaa kombe, na pweza ana minyiri minane. Detroit ilishinda mara nane bila kupoteza hata mechi moja, na pweza wamekuwa wakirushwa tangu hapo. Ukiniuliza, ni matumizi mabaya ya pweza. Mtu wa Lamu angelia.

Sitakuficha kwamba wakati mwingine wachezaji hupigana ngumi, glovu zimetupwa chini na marefa wakisubiri. Adhabu yake ni dakika tano kizimbani. Wapo wanaodai kuwa huo ndio utamu. Mimi naona ni vijidakika vya kwenda kununua soda, na mzazi ajiandae kwa maswali njiani kurudi nyumbani. Hatari ya kweli ni kisahani. Mwaka wa 2002 msichana wa miaka 13 aliyekuwa miongoni mwa watazamaji huko Columbus, Ohio, alipigwa kichwani akafariki, na kuanzia msimu uliofuata NHL ikaagiza nyavu zitundikwe juu ya vioo nyuma ya malango. Viwanja vidogo havina kinga sawa kila upande. Ukiwa na watoto, waketishe nyuma ya wavu au kioo, nawe uweke simu mfukoni mchezo ukiendelea.

Kuna gharama, bila shaka. Tiketi za NHL Toronto ni za kutoa jasho, ingawa timu yao, Maple Leafs, ilitwaa kombe mara ya mwisho 1967 na hadi 2025 walikuwa bado wakingoja. Wale wa Gor na Ingwe wanaojiona wana subira wajifunze hapo. Lakini si lazima uende huko. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza Januari 2024, na Aprili mwaka huo mechi ya Montreal na Toronto iliwajaza watu 21,105 ndani ya Bell Centre, Montreal. Kuna pia ligi za vijana wa miaka 16 hadi 20 katika miji midogo, ambako utaketi karibu bila kuuza shamba. Huko kuna usiku wa wanasesere, desturi inayohusishwa na Kamloops, British Columbia, mwaka wa 1993. Kila mtu huja na mwanasesere wa dubu, na timu ya nyumbani ikifunga bao la kwanza wote huwarusha uwanjani, wakaokotwa kwa ajili ya watoto hospitalini na wenye shida. Januari 2025, mjini Hershey, Pennsylvania, walihesabiwa 102,343 kwa mechi moja.

Na kuna viwanja vya mtaani, ambavyo havina kiingilio au ni cha pesa kidogo. Hapa nina neno na shangazi na wajomba wanaokaribishwa huko na ndugu zao. Mpwa wako aliyezaliwa Calgary au Ottawa atacheza alfajiri ya Jumamosi, saa kumi na mbili, na theluji iko nje. Utaambiwa, "Pumzika tu shangazi, mchezo wenyewe huuelewi." Usipumzike. Mtoto huyo huenda hajui Kikamba wala Kidholuo, na maneno mengi ya nyumbani yanampita juu ya kichwa. Lakini akianguka kifudifudi, akainuka, akatazama kwenye viti, ataangalia kama ulikuwapo. Kwenye gari mkirudi atakueleza kila kitu tangu mwanzo, na pengine hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi mtakayokuwa nayo katika safari nzima.

Usiye na safari, usikate tamaa. Mwaka wa 2005 hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo lake, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Ni uwanja mdogo kuliko ule wa kawaida. Kwa miaka mingi vijana hao hawakuwa na mpinzani nchini, wakajigawa makundi mawili na kuchezana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi zao na kuingia upande wao. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Piga simu kwanza uulize siku na saa za mchezo. Kisha wabebee watoto masweta, maana jua la barabara ya Mombasa halifiki humo ndani.