Nguvu, Kani na Nishati: Jinsi Vifungo vya Kemikali Vinavyopimwa

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza sayansi kwa kuwa neno lake moja hubeba maana nyingi mno. Mfano mmoja unaofaa kuchunguzwa ni neno "nguvu". Mpiga makasia ana nguvu, dawa ina nguvu, kamba ina nguvu. Na mwanakemia naye husema kwamba kifungo kati ya atomi mbili kina nguvu. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa anachokipima asemapo hivyo.

Anayejaribu uimara wa kamba huivuta mpaka ikatike, kisha akasema ilihimili uzito gani. Hicho ni kipimo cha kani. Mwanakemia hapimi kani. Yeye hupima nishati, ambayo wengi nchini Kenya huiita kawi, inayohitajika ili atomi zilizofungamana zitengane kabisa katika hali ya gesi. Kwa kuwa molekuli moja ni ndogo mno, hesabu hufanywa kwa moli nzima. Haidrojeni huhitaji kilojuli 436 kwa moli, klorini 243, oksijeni 498 na nitrojeni 945. Kifungo cha nitrojeni ni cha mikono mitatu, na uimara wake ndio sababu mojawapo ya mimea kushindwa kuitumia nitrojeni ya hewani pasipo msaada wa bakteria, kama wale waishio katika mizizi ya kunde.

Njia kuu za kupima ni mbili. Ya kwanza ni mwanga: mistari ya mwanga unaofyonzwa na gesi huzidi kusongamana hadi kufikia kikomo, na kutokana na kikomo hicho nishati ya kutenganisha atomi hukokotolewa. Ya pili ni joto. Mwaka 1840 Germain Hess alionyesha kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei njia iliyopitiwa. Hivyo kifungo kisichopimika moja kwa moja hupatikana kwa kujumlisha na kutoa.

Kulinganisha kwahitaji hadhari. Kuondoa haidrojeni ya kwanza katika maji huhitaji takriban kilojuli 497, lakini ya pili huhitaji takriban 430 tu. Tarakimu 463 inayoonekana katika majedwali ni wastani wa hizo mbili. Hata hivyo, ulinganishi huzaa maarifa. Wastani wa haidrojeni na klorini ni kilojuli 340 hivi, ilhali kifungo kinachoziunganisha hufikia 431. Ziada ya namna hii ndiyo iliyomwezesha Linus Pauling, mwaka 1932, kupanga elementi kwa kadiri zinavyovutia elektroni.

Kosa lililoenea zaidi ni kusema kwamba kuni au petroli "huhifadhi nishati katika vifungo", kana kwamba kifungo ni chungu ambacho kikivunjwa kilichomo humwagika. Mambo ni kinyume. Kuvunja kifungo ni gharama daima. Nishati hutoka vifungo vipya vinapoundwa. Moli mbili za haidrojeni zikiungua na moja ya oksijeni, kuvunja hugharimu kilojuli 872 na 498, yaani 1,370. Vifungo vinne vya maji yanayoundwa hurudisha 463 mara nne, yaani 1,852. Tofauti, kilojuli 482, ndiyo joto la moto huo.

Hapana shaka, basi, kwamba kosa hilo halikuletwa na uchache wa maneno. Kani ipo, nishati ipo, na nguvu ina mahali pake katika mazungumzo ya kila siku. Mwalimu atakayetenga maneno hayo barabara tangu somo la kwanza atakuwa amekwisha kumfunza mwanafunzi nusu ya kemia yenyewe.