Aliyelevywa na miwani hana hatia

Si desturi yangu kuyaleta mambo ya ukoo wangu katika safu hii, ambayo kwa kawaida huitumia kujadili maneno na asili zake. Leo namwomba msomaji aniwie radhi, kwa kuwa jambo lenyewe, ijapokuwa lilianzia katika nyumba ya dada yangu, lilinifikisha kwenye neno moja la Kiswahili ambalo nililidharau kwa miaka mingi.

Mpwa wangu, msichana wa miaka 16, anasoma katika shule moja ya bweni huku kwetu Nyamira. Mwaka jana wageni walifika shuleni hapo wakiwa na miwani kubwa nyeusi, mithili ya kinyago cha mchomeleaji vyuma, ile ambayo wataalamu wetu wa istilahi wameipa jina la miwani ya uhalisia pepe. Mtu akiivaa haoni tena darasa wala wenzake. Huona ulimwengu uliochorwa na kompyuta, na kila ageuzapo kichwa, ulimwengu huo nao hugeuka pamoja naye. Wanafunzi walipangwa mstari, wakapandishwa mmoja baada ya mwingine katika garimoshi la kubuniwa lililopanda na kuporomoka milima kwa kasi ya ajabu. Zamu yake ilipofika, mpwa wangu alishangilia kidogo, kisha akanyamaza. Jasho jembamba likamtoka, mate yakamjaa kinywani, na kabla hajawahi kuivua miwani alikuwa amekwisha kutapika mbele ya darasa zima.

Wenzake waliangua kicheko na kumwita mshamba. Hilo lingepita. Lakini jioni alishindwa kula, akatapika tena, na asubuhi yake akaitwa ofisini na kuamriwa apimwe mimba. Majibu yalionyesha kwamba hana. Hata hivyo, nani asiyejua jinsi habari za namna hiyo zinavyosafiri katika bweni la wasichana? Uvumi ulienea, majibu yakabaki ofisini. Mwisho wa wiki mtoto alirudi nyumbani, akaapa kwamba hakanyagi tena shuleni hapo.

Dada yangu aliponipigia simu hakuniuliza habari za miwani. Aliniuliza, “Ndugu yangu, wewe umesoma. Ni ugonjwa gani mwingine unaomtapisha msichana?”

Mimi ni daktari wa maneno, si wa matumbo. Lakini swali la dada halikwepeki, nikaingia maktaba.

Kila aliyewahi kusafiri kutoka Kisii kwenda Nyamira hadi Kebirigo anaijua nusu ya jibu. Barabara zetu hupinda na kupindua kufuata vilima, na abiria aliyeinamia simu yake katika Probox iliyoshindiliwa watu haikawii kumfika. Ndani ya sikio la mwanadamu, mbali kabisa na tundu tunalolisafisha, mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, pamoja na viungo viwili vingine vyenye chembe ndogo za chokaa. Kazi yake si kusikia, bali kuuarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka, kimeinama au kimesukumwa. Abiria akitazama simu, sikio husema, “Tunayumba,” na jicho hujibu, “Mbona sioni kitu kinachotembea?” Mabishano hayo ndiyo yanayomchafua moyo. Dereva hasumbuki, kwa sababu anaiona kona kabla haijafika na mwili wake umejiandaa.

Miwani ya mpwa wangu ilifanya hayo hayo kwa kinyume. Safari hii jicho ndilo lililoapa kwamba tunateremka mlima, na sikio, likiwa limetulia juu ya sakafu ya saruji, likakana. Kifaa chenyewe kikichelewa hata kidogo kuigeuza picha baada ya kichwa kugeuka, ugomvi huzidi. Ndiyo maana waundaji hujitahidi ucheleweshaji huo usizidi sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000.

Lakini kwa nini mabishano ya jicho na sikio yaishie tumboni? Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa saikolojia, Michel Treisman, alitoa maelezo ambayo bado yanajadiliwa. Katika maisha ya kale ya viumbe, alisema, jambo lililoweza kuyafanya macho na masikio yapingane ghafla lilikuwa sumu iliyoliwa. Kwa hiyo ubongo, ukiona mashahidi wake wawili wanatofautiana, huamua kwamba mwenyewe amekula kitu kibaya, na hukitoa.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno langu. Waswahili wa pwani hawana kitenzi cha pekee kwa ajili ya mtu anayetapika jahazini. Husema amelewa, bahari imemlevya. Nilipokuwa mwanafunzi niliyachukua maneno hayo kuwa tashbihi tu ya watu wapendao mzaha: anayumba kama mlevi. Kumbe! Pombe nayo hulishika sikio hilo hilo. Huingia katika utando laini ulio ndani ya ile mifereji na kuufanya mwepesi kuliko majimaji yanayouzunguka, na hivyo sikio huripoti mzunguko ambao haupo. Ndiyo sababu mlevi akilala huona kitanda kinazunguka. Wagiriki walikitaja kichefuchefu kwa neno lililotokana na jina la chombo cha majini. Sisi tulikitaja kwa jina la sumu. Kwa maoni yangu, ambayo huenda yana upendeleo wa mtu anayekula kwa Kiswahili, sisi tulikaribia zaidi.

Narudi kwa wale waliocheka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la Marekani lilijaribu chombo cha kufundishia urubani wa helikopta, kilichoonyesha picha za safari bila kwenda popote. Walioumwa zaidi walikuwa walimu, marubani waliobobea, kuliko wanafunzi wao. Wao waliijua helikopta ya kweli, na miili yao ikautambua uongo upesi. Je, nao walikuwa washamba? Katika miaka iyo hiyo jeshi hilo na wataalamu wa safari za anga waliwachunguza wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, ambao wengi wao walipoteza usikivu kwa ugonjwa wa uti wa mgongo uliowaharibia pia kiungo cha mizani. Walipelekwa katika bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia. Wanasayansi waliugua hata jaribio likakatizwa, ilhali wale 11 waliendelea kucheza karata. Basi kulewa na mwendo ni dalili ya sikio zima linalofanya kazi yake.

Na kwa nini wasichana zaidi? Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake walionyesha kwamba lenzi za miwani hizo hazikuweza kusogezwa karibu vya kutosha kwa wanawake wengi, ambao nafasi baina ya macho yao ni ndogo kuliko ya wanaume. Miwani ilipowakaa sawasawa, tofauti baina yao na wanaume karibu itoweke. Kwa maneno mengine, kosa lilikuwa la fundi, na aliyepimwa mkojo ni mtoto.

Shule haina haja ya kuifukuza miwani hiyo langoni. Inafaa mwanafunzi aketi, asisimame. Lenzi zirekebishwe zilingane na macho yake. Aanze na mandhari iliyotulia, kwa dakika chache, kabla ya kupewa mambo ya milima na kasi, kwani mwili huzoea ukipewa nafasi ya kuzoea. Kitu kisichosogea mbele ya macho husaidia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waligundua mwaka 2015 kwamba hata kuchora pua katika picha, pale pua ya mtazamaji ingekuwa, hupunguza udhia. Lililo kuu ni kuivua mara tu miayo, jasho baridi au mate mengi yanapoanza. Anayejikaza ili asichekwe ndiye atakayetapika, na anaweza kubaki hivyo kwa saa kadhaa, kama ilivyompata mpwa wangu jioni ile.

Kwa safari za matatu, tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, na dawa za dukani zipo, ila humezwa kabla ya kuondoka na nyingine huleta usingizi. Mama yangu aliniamuru nilikalie gazeti. Sijaona uthibitisho wowote wa tiba hiyo, ingawa mhariri wangu huenda akapenda iendelee. Na tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, utingo hana tena ile juala ya kumrushia abiria, kwa hiyo kinga imekuwa na thamani zaidi.

Niliyaandika haya yote kwa ufupi, nikaenda nayo shuleni. Nilipokewa kwa heshima, nikasikilizwa, na mwalimu mmoja mkongwe akakiri kwamba yeye mwenyewe aliivua miwani ile baada ya dakika moja na kwenda kuketi nje, asimwambie mtu. Nilimwomba aliseme hilo mbele ya wanafunzi gwarideni. Alilisema.

Jumatatu iliyofuata nilimrudisha mpwa wangu shuleni. Alikaa kiti cha mbele, macho yakiwa kwenye vilima vya mbali, kimya, mzima kabisa. Mimi nilibanwa nyuma na watu wengine wanne, nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Tulipokaribia Kebirigo nilimgusa dereva begani na kumsihi asimamishe gari.

“Mjomba,” akaniuliza mtoto bila kugeuka, “nao wakupime?”