Kupima Uimara wa Tochi: Somo la Majaribio kwa Darasa la Tano

Tochi ndogo ya mfukoni ni chombo kinachojulikana na karibu kila mtoto tunayemfundisha. Mlinzi hukesha nayo lindoni, mvuvi huenda nayo majini, na mama ambaye mtoto wake ameshikwa na homa usiku wa manane huishika mkononi akielekea zahanati. Mama huyo aliinunua kwa fedha chache alizokuwa nazo. Dukani palikuwa na tochi mbili, moja ya bei kubwa na nyingine ya bei ndogo, naye hakuwa na njia ya kujua ipi ingedumu ila maneno ya mwenye duka na maandishi ya kwenye kasha.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kuligeuza swali hilo la dukani kuwa somo la sayansi katika shule ya msingi. Watoto watajifunza mambo kadhaa kuhusu tochi. Lakini jambo kubwa watakaloondoka nalo ni hili: jibu la jaribio halipaswi kuwa kubwa kuliko jaribio lenyewe.

Kosa la kawaida

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la tano, nikimtazama mwalimu mwanafunzi aliyekuwa na tochi mbili mezani, moja ya bati na nyingine ya plastiki. Aliiangusha ile ya plastiki sakafuni mara moja, ikazimika. Akaandika ubaoni: "Tochi za plastiki si imara." Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, labda betri imesogea tu." Mwalimu akamwambia akae, kwa kuwa kipindi kilikuwa kinakwisha. Baada ya somo niliichukua tochi ile, nikaukaza mfuniko wake, ikawaka.

Tuyatazame makosa yaliyomo. Iliangushwa tochi moja tu, na mara moja tu. Ile ya bati haikuangushwa kabisa, hivyo hapakuwa na kitu cha kulinganisha. Sababu ya kuzimika haikutafutwa. Mwishowe, tochi moja ikatolewa ushahidi dhidi ya tochi zote za plastiki duniani. Hata hivyo hasara kubwa zaidi ilimpata yule mtoto. Yeye ndiye aliyefikiri kama mwanasayansi, naye alinakili sentensi ya ubaoni sawa na wenzake.

Tochi huharibika vipi?

Mwalimu hawezi kuongoza jaribio ambalo yeye mwenyewe halielewi. Tochi ni mnyororo wa vitu vinavyogusana: betri, springi, swichi, taa, na njia ya chuma inayourudisha umeme kwenye betri. Mnyororo huu ukikatika mahali popote, mwanga huzimika. Kwa hiyo kuzimika ni dalili, wala hakutuambii peke yake ni kitu gani kilichoharibika.

Tochi inapoangushwa kutoka kimo cha mita 1, hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 4.4 kwa sekunde. Kutoka mita 2 mwendo huwa karibu mita 6.3 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kimo kikiongezeka maradufu, nishati ya mgongano nayo huongezeka maradufu, lakini mwendo hauongezeki kwa kiasi hicho. Kinachoumiza tochi ni kusimamishwa ghafla. Mchanga hubonyea na kuisimamisha polepole, lakini saruji haibonyei. Ndiyo sababu kusema "niliiangusha" bila kutaja kimo na sakafu ni kutosema kitu.

Katika mgongano, betri huweza kuibana springi na kuachana kwa muda na sehemu inayopokea umeme. Viungo vilivyochomelewa kwa risasi huweza kung'oka, na kioo huweza kupasuka. Balbu za zamani zilikuwa na uzi mwembamba wa chuma uliowaka kwa joto, na uzi huo ulikatika kwa urahisi. Taa za LED zilizoenea siku hizi hazina uzi huo, hivyo tochi ya LED ikizimika tuchunguze kwanza betri, springi, swichi na viungo.

Maji huingia kupitia kwenye swichi, kando ya kioo, na kwenye hesi za mfuniko. Ringi ya mpira iliyowekwa hapo huyazuia, mradi haijakauka wala kukatika. Adui mwingine hukaa kimya ndani ya tochi, naye ni betri iliyokwisha nguvu. Gamba la betri kavu ya kawaida ni la zinki, na zinki hiyo huliwa kadiri betri inavyotumika. Mwishowe hutoboka, majimaji yakavuja, na springi ikashika kutu. Tochi iliyonusurika kuanguka mara nyingi huweza kufa kwa kusahauliwa kabatini ikiwa na betri mbovu.

Kanuni za viwandani

Mwaka 2009 ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, iliidhinisha kanuni za kupimia tochi zinazojulikana kama FL 1. Kwa kipimo cha kuanguka, tochi huangushwa ikiwa na betri zake juu ya saruji, kutoka kimo kinachotajwa na mtengenezaji na kisichopungua mita 1. Huangushwa kwa pande zake mbalimbali, na tochi zinazopimwa ni zaidi ya moja. Baadaye lazima ziwake na zisiwe na nyufa.

Kwa maji kuna daraja. Alama IPX4 maana yake tochi inastahimili kurushiwa maji kutoka kila upande. IPX7 maana yake inastahimili kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Tochi ya alama ya kwanza haikuahidiwa kuokoka ikitumbukia kisimani.

Muda wa kuwaka huhesabiwa kuanzia sekunde 30 baada ya tochi kuwashwa, mpaka mwanga unaposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kasha likisema "saa 20", halisemi kwamba saa ya 20 itakuwa na mwanga kama wa saa ya kwanza. Wasomee watoto jambo hili, kisha uwaulize mama yule wa zahanati angependa kujua nini zaidi.

Shule zetu hazina vyombo vya viwandani, wala hatuhitaji kudai kwamba tumevifikia. Tunachokiazima ni tabia ya kutaja kimo, sakafu, idadi na muda.

Matayarisho

Tafuta tochi mbili za aina tofauti zinazotumia betri za ukubwa mmoja, na ikiwezekana mbili za kila aina. Tochi kuukuu zilizoletwa kutoka nyumbani zinafaa, mradi wenyewe wameambiwa kwamba huenda zikavunjika. Nunua betri kavu mpya za aina moja kwa tochi zote. Tayarisha pia rula ya mita, chaki, ndoo ya maji, saa, na karatasi za daftari.

Usalama uzingatiwe. Tochi za kuchaji zisiangushwe wala kuloweshwa, kwa sababu nyingi zina betri za lithiamu, ambazo zikiumia huweza kushika moto. Betri zisipasuliwe wala kutupwa motoni, na betri mpya isichanganywe na kuukuu. Mtoto akigusa majimaji ya betri iliyovuja, anawe mara moja kwa maji mengi. Asiwepo mtu wa kummulika mwenzake machoni.

Katika darasa lenye watoto wengi, ligawe katika makundi, na kila kundi liwe na mwangushaji, mpimaji wa kimo, mtunza saa, mkaguzi na mwandishi. Kazi hizo zibadilishwe, ili mwandishi wa leo awe mwangushaji wa kesho.

Hatua za somo

Majaribio yaanze na yale yasiyoharibu na kumalizikia kwa yale yanayoharibu. Tochi iliyopasuka haiwezi tena kutueleza habari za muda wake wa kuwaka.

(a) Utabiri. Kabla ya kitu chochote kuguswa, kila mtoto aandike tochi ipi anadhani itadumu na kwa nini. Mwalimu asitoe utabiri wake.

(b) Mwanga. Katika chumba chenye giza, watoto waweke karatasi za daftari mbele ya kioo cha tochi, moja baada ya nyingine, mpaka mwanga usionekane. Idadi ya karatasi ndiyo kipimo chao. Watahadharishwe kwamba karatasi 8 si mwanga maradufu ya karatasi 4. Ikiwa kila karatasi hupitisha nusu ya mwanga, karatasi 4 hubakiza sehemu 1 ya 16, na karatasi 8 hubakiza sehemu 1 ya 256.

(c) Muda wa kuwaka. Tochi zote ziwashwe asubuhi kwa wakati mmoja na kupimwa kila baada ya saa moja. Betri kavu ikipumzishwa hurudisha nguvu kidogo, kwa hiyo tochi moja ikizimwa wakati wa mapumziko, nyingine nayo izimwe. Kipimo kikiisha, zitiwe betri mpya kwa hatua zinazofuata.

(d) Maji. Weka kipande cha karatasi kavu ndani ya tochi kando ya betri, funga mfuniko, kisha irushie maji kutoka kila upande kwa dakika 5. Ifute, uifungue, na uitazame karatasi. Doa la maji litaonyesha kama maji yameingia, hata kama tochi bado inawaka.

(e) Kuangusha. Chora mstari wa mita 1 ukutani penye sakafu ya saruji. Tochi iachiwe, isitupwe, ikiwa imewashwa. Iangushwe mara sita: kichwa chini, kitako chini, na mara nne kwa ubavu. Baada ya kila mwanguko mwandishi achague neno moja kati ya haya: "inawaka", "ilizimika ikawaka yenyewe", "iliwaka baada ya kurekebishwa", au "haiwaki". Neno la tatu ndilo lililokosekana katika somo nililolisimulia. Mkaguzi aandike pia nyufa na sehemu zilizolegea.

Kufikia hitimisho

Hapa ndipo somo hufaulu au huanguka. Watoto watataka kusema, "Tochi hii ni nzuri, ile ni mbaya." Usiikatae sentensi hiyo. Waulize: "Tulipima ngapi? Kutoka kimo gani? Juu ya nini?" Waongoze mpaka waandike sentensi kama hii: "Tochi yetu ya plastiki iliangushwa mara sita kutoka mita 1 juu ya saruji. Ilizimika mara mbili, ikawaka baada ya mfuniko kukazwa." Sentensi hii haina mvuto wa ile ya ubaoni, lakini mtu yeyote anaweza kuirudia kazi hiyo na kuona kama ni kweli.

Matokeo ya makundi yakitofautiana, usiyafiche wala usichague lile unalolipenda. Yaandike yote ubaoni na uwaulize watoto sababu. Huenda kundi moja liliachia juu zaidi, au tochi mbili za aina moja hazikufungwa kwa mkono mmoja. Tofauti hizo ndizo zinazowafundisha kwa nini viwanda havipimi tochi moja peke yake.

Mwisho, rudisheni swali dukani. Huenda tochi ya bei ndogo ikawa imetosha kwa mtu anayeitumia chumbani, na isimfae mvuvi. Uimara hupimwa kwa kazi inayokusudiwa, na watoto wanaweza kuwapelekea wazazi wao maelezo hayo jioni hiyohiyo.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, siku moja utakuwa mbele ya darasa, kipindi kinakwisha, na mtoto wa dawati la nyuma atanyosha mkono kuyapinga matokeo yako. Mpe tochi, umwambie, "Njoo utuonyeshe." Dakika tatu utakazopoteza hapo zitakuwa zimelifanya jaribio lako kuwa la darasa zima.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tochi zote mbili zitiwe betri mpya za aina moja?

2. Kundi moja limeangushia tochi yake juu ya mchanga kwa kukosa sakafu ya saruji. Je, matokeo yake yatupwe? Kama hayatupwi, yaandikwe vipi?

3. Andika andalio la somo linalotumia utaratibu huu kupima chombo kingine cha nyumbani, kama vile ndoo au kandambili.