Jinsi upweke unavyovuruga ubongo: Funzo kutoka kwa panya

WAHENGA walinena kwamba mtu ni watu. Yaelekea kauli hiyo yamhusu panya pia, kwani uchunguzi uliofanywa katika maabara kadhaa umebainisha kwamba mnyama huyo anapotengwa na wenzake, kemikali za ubongo wake hubadilika na tabia yake huharibika.

Mojawapo ya tafiti zilizolifafanua suala hili kwa kina ilichapishwa mwaka wa 2018 na wanasayansi wa Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech) nchini Marekani, wakiongozwa na Moriel Zelikowsky na David Anderson. Watafiti hao waliwaweka panya wadogo wa maabara kila mmoja katika kizimba chake kwa majuma mawili. Kilichokosekana humo si chakula wala maji, bali wenzao.

Muda huo ulipokwisha, panya hao walikuwa wamegeuka. Walipoletewa panya mgeni, walimvamia kwa ukali kuliko walivyofanya wale walioishi kwa makundi. Walipotishwa, waliganda mahali pamoja na kubaki hivyo muda mrefu baada ya tishio kuondoka, ilhali panya wa kawaida hurejelea shughuli zake punde hatari inapopita. Waliotengwa kwa saa 24 pekee hawakuonyesha mageuzi hayo.

Walipochunguza ubongo, wanasayansi hao waligundua kwamba jeni iitwayo Tac2 ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi katika sehemu nyingi, na kuzalisha kwa wingi protini ndogo iitwayo nyurokinini B. Protini hii ni mjumbe. Hutolewa na seli moja ya neva, kisha hunasa kwenye kipokezi cha seli nyingine mfano wa ufunguo katika kufuli, na kuifanya seli hiyo ibadilishe utendaji wake.

Ili kuthibitisha kwamba hicho ndicho kilikuwa chanzo, walitumia dawa ya osanetanti ambayo huziba vipokezi hivyo. Panya waliopewa dawa hiyo hawakuwa wakali wala waoga kama wenzao, ingawa nao walikuwa wametengwa. Kinyume chake, jeni hiyo na seli zinazoitumia zilipochochewa katika panya walioishi pamoja, nao walianza kutenda kama waliotengwa.

Ilibainika pia kwamba mjumbe huyo mmoja ana kazi tofauti mahali tofauti. Alipopunguzwa katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, panya waliacha woga wa kupindukia lakini ukali ukabaki. Alipopunguzwa katika haipothalamasi, ukali ulipungua na hofu ikabaki.

Je, upweke wa siku moja hauna athari yoyote? Unayo, lakini ya namna nyingine. Mwaka wa 2016, Gillian Matthews, Kay Tye na wenzao katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) walieleza kuhusu kundi dogo la seli zinazotoa dopamini katika shina la ubongo. Awali walikuwa wakichunguza athari za kokeni, wakashangaa kuona kwamba hata panya ambao hawakupewa dawa hiyo walikuwa wamebadilika. Kumbe wote walikuwa wametengwa kwa saa 24, na upweke huo ulikuwa umeimarisha miunganiko ya seli hizo.

Panya waliotoka katika upweke huo mfupi waliwatafuta wenzao kwa hamu kubwa, na seli hizo zilipozimwa hamu hiyo ilitoweka. Kwa hivyo, upweke wa muda mfupi hufanana na njaa: humsukuma mnyama akatafute anachokikosa. Ukirefuka, humfanya awe mkali hata kwa mwenzake anayemkaribia.

Umri nao una uzito wake. Mwaka wa 2012, watafiti wa Boston waliripoti kwamba panya wachanga waliotengwa kwa majuma mawili, tangu siku ya 21 baada ya kuzaliwa, walipata upungufu wa mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano. Hata waliporudishwa kwa wenzao, hawakupona. Mwaka huo huo, watafiti wengine walionyesha kwamba panya wazima waliotengwa kwa majuma manane walipungukiwa na utando huo pia, lakini walirejelea hali ya kawaida baada ya kuishi na wenzao kwa majuma manne.

Bila shaka, panya si binadamu. Panya wa maabara huishi takriban miaka miwili, hivyo majuma mawili si muda mfupi kwake. Aidha, osanetanti iliwahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa akili. Haikuwadhuru, lakini haikuwaletea nafuu ya kutosha. Si tiba ya upweke.

Hata hivyo, suala lenyewe si la maabara tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinapiga marufuku kumtenga mfungwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Kutengwa huko kunaelezwa kuwa ni kufungiwa kwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na watu. Waliotunga kanuni hizo walizingatia madhara yaliyoonekana kwa wafungwa wenyewe. Panya wanasaidia kueleza namna madhara ya aina hiyo yanavyoweza kuingia ubongoni.

Kwa mlezi wa mtoto, funzo ni kwamba kuna wakati ambao ukipita bila wenzake, pengo huenda lisizibike. Kwa anayemfahamu mtu mzima aliyejitenga na kuwa mwepesi wa hasira au hofu, funzo ni kwamba ukali huo huenda usiwe hulka yake, bali alama ya kukaa peke yake mno. Panya wazima walioharibikiwa na upweke hawakuhitaji dawa ili kurudia hali yao. Walirudishiwa wenzao, wakapewa muda.