Baraka na Fizi: muhogo unaotolewa majini mapema ni hatari kwa miguu ya watoto

Ukifuata barabara ya Baraka kwenda Fizi wakati wa jua, utaona mihogo myeupe imeanikwa kwenye mashiti, juu ya mawe, hata pembeni kabisa mwa barabara. Harufu yake kali tunaijua tangu utoto. Ni kazi ndogo ya nyumbani, lakini ikikatizwa mapema inaweza kumlemaza mtoto maisha yote.

Mihogo michungu inapendwa kwa sababu inazaa vizuri na panya hawaigusi ovyo. Uchungu huo ni silaha ya mmea. Ndani ya seli zake kuna kitu kiitwacho linamarini, yaani sukari iliyofungwa pamoja na sumu ya sianidi. Linamarini imefungiwa katika kifuko cha seli. Nje yake, kwenye ukuta wa seli, kunakaa protini iitwayo linamarase. Hiyo ni kimeng'enya, wengine husema enzimu. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani.

Jino la mnyama, kisu au mchi wa kinu ukivunja seli, vinakutana. Kimeng'enya kina nafasi inayoishika linamarini kama kufuli linavyopokea ufunguo wake. Kinakata sukari, kinaachia, kinashika nyingine, na chenyewe hakiishi. Kinachobaki kinavunjika na kutoa sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa joto la Baraka, inaruka hewani haraka.

Hapo ndipo siku tatu au nne za kuloweka zinapopata maana. Muhogo unalainika, vijidudu vinalegeza kuta za seli, kimeng'enya kinaifikia linamarini, na sumu inaondoka kwa maji na hewa. Ukitoa muhogo baada ya siku moja na kuuanika, unakauka kabla kazi haijaisha, na linamarini inabaki ndani ya unga.

Moto nao una hila yake. Kimeng'enya ni protini, na protini ikichemshwa inapoteza umbo, kama ute wa yai unavyoganda. Linamarini yenyewe inavumilia moto. Kwa hiyo kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu kunaua fundi na kuacha sumu. Ndiyo maana sombe inatwangwa kwanza, kisha inapikwa kwa muda mrefu. Bibi zetu hawakusoma kemia, ila utaratibu wao ulikuwa sahihi.

Katika mwili wa mtu, sianidi inaziba kimeng'enya kinachosaidia seli kutumia oksijeni. Mwili unajitetea kwa kimeng'enya kingine, rodanese, kinachoigeuza sumu hiyo kuwa kitu kinachotoka kwa mkojo. Lakini rodanese inahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata katika protini: ndakala, maharagwe, nyama. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Mtu anayekula bugali wa unga mchungu kwa wiki nyingi bila samaki anakosa kinga hiyo.

Matokeo yake ni konzo. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, na haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Daktari Giovanni Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, kutokana na wagonjwa wa Kwango. Mwaka 2011 watafiti walichapisha makala juu ya konzo kutokea Kivu ya Kusini, jimbo lililoharibiwa na vita.

Vita na konzo vinaenda pamoja bila ajabu. Aliyekimbia ataloweka wapi siku nne? Anayeogopa wezi shambani anang'oa, anaanika, anasaga. Kumlaumu mama huyo ni kumwonea.

Kwa unga ambao umeshasagwa, kuna njia aliyoibuni Howard Bradbury wa Australia, ikajaribiwa vijijini katika Bandundu ya zamani. Weka unga katika beseni, tia alama kimo chake kwa ndani. Changanya na maji. Unga utashuka kwanza. Ongeza maji hadi urudi kwenye alama. Utandaze juu ya shiti safi, mwembamba, usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji yanakiamsha kimeng'enya kilichobaki katika unga, na sianidi inaruka. Kisha pika bugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa hauwekeki.