Maporomoko ya Hiroshi Senju

Mtu atafutaye furaha katika taswira za Hiroshi Senju, mchoraji wa Kijapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1958, yamkini atastaajabu kwanza kwa kutokuta ndani yake uso hata mmoja unaocheka, wala mtoto achezaye, wala mkulima aliyesimama katikati ya mavuno yake. Atakuta maji meupe yakiporomoka gizani toka juu hata chini, na ukungu wake ukipanda, basi. Si kwamba binadamu amesahauliwa. Nafasi yake imeachwa mbele ya picha, pale asimamapo mtazamaji, na kwa rai yangu saada ambayo mchoraji huyu ameitumikia kwa miaka zaidi ya 30 ni ile impatayo kiumbe anaposahau, japo kwa kitambo kidogo, madai yake yote juu ya dunia.

Ushahidi wa rai hiyo umo katika namna ya kazi yenyewe. Senju alihitimu chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo katika fani ya nihonga, ambayo haitumii rangi za mafuta: rangi zake aghalabu ni madini yaliyosagwa, na weupe wake hupatikana kwa makombe ya chaza yaliyopondwa hata yakawa unga, kisha vyote hushikizwa kwa gundi itokanayo na ngozi za wanyama, juu ya karatasi ya magome ya mti wa jamaa ya mforosadi. Basi badala ya kulichora poromoko kwa brashi, mshipa kwa mshipa, yeye huimimina rangi kwenye ukingo wa juu wa karatasi akaiacha iteremke kwa uzito wake, halafu hupuliza rangi nyepesi pale panapohitaji ukungu. Nguvu ile ile ivutayo maji ya mlimani ndiyo iliyochora. Mkono wa fundi una amri ya kuanza na amri ya kukoma. Yaliyo baina ya hayo mawili ni ya maumbile, na fundi asiyeridhika na mgao huo hawezi kazi hii.

Mwaka 1995, katika maonyesho makubwa ya Venice, poromoko lake lilitajwa kwa heshima na waamuzi, na tangu hapo jina lake likaenea. Mwaka 2011 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya kazi zake huko Karuizawa, mji wa nyanda za juu karibu na mlima wa moto Asama. Msanifu wake, Ryue Nishizawa, hakuisawazisha ardhi: sakafu hupanda na kushuka kwa kufuata mteremko wa asili, na miti imesimama ndani ya nyua za vioo, hata mgeni atokaye kwenye picha moja kwenda nyingine hupitia majani na mwanga wa mchana. Sijui jengo jingine linalomtii mchoraji wake kwa adabu kama hiyo.

Huko Philadelphia, Marekani, iko nyumba ya Kijapani iitwayo Shofuso, ambayo michoro yake ya awali, kazi ya Kaii Higashiyama, iliharibiwa na wahalifu mwaka 1974. Mwaka 2007 Senju aliitunukia michoro 20 ya maporomoko. Mwaka 2020 alikamilisha hidaya nyingine, milango ya karatasi ya vyumba viwili vya hekalu la Kongobu-ji, juu ya mlima Koya, mahali palipoasisiwa na mtawa Kukai katika karne ya 9.

Ninalolitilia shaka ni maporomoko yake ya miaka ya karibuni, yaliyotiwa rangi ya kung'aa, ambayo mchana huonekana meupe, lakini yakimulikwa kwa taa maalumu gizani hugeuka buluu kali. Wasifiao husema kwamba watu wa leo huishi katika usiku wa miji, na kwamba uzuri hauna budi kuwafuata huko. Hoja hiyo ina uzito. Walakini mimi naona kwamba buluu ile humwita mtu aitazame taa, na mtu akishaanza kuuliza taa imewekwa wapi, maji yamekwisha kumponyoka.